Masikio ya Mama wa Mwalimu

Ule wembe bado ninao. Mke wangu ameutupa mara mbili, na mara mbili nimeuokota kwenye takataka na kuurudisha kwenye mkebe wa penseli zangu. Huniuliza mzee mzima anataka nini na nusu ya wembe uliofungwa kwa uzi kwenye kijiti. Humwambia ni wa kazi. Kazi yenyewe niliiacha zamani, na yeye anajua, lakini hunyamaza. Kwa wembe huo nilimkata mama wa mtu masikio.

Ngoja nieleze kabla hujaniitia polisi.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa fundi katika studio ya picha ya Mhindi mmoja pale Eldoret, mji ambao sisi watu wa kazi tuliuita Sisibo. Nilikuja kutoka upande wa Kakamega nikiwa na barua ya kasisi mfukoni na kiburi cha darasa la sita kichwani. Nikafundishwa kurekebisha sura za watu. Usicheke, ilikuwa kazi ya heshima. Kaburu alikuja na mke wake kupigwa picha, mke ana makunyanzi tele, na hataki kuyaona ukutani. Basi mimi nilichukua negativi, yaani ile filamu yenyewe ambayo cheupe huonekana cheusi na cheusi huonekana cheupe, nikaiweka juu ya kioo chenye mwanga na kujaza yale makunyanzi kwa penseli, polepole, mpaka mama akapungua miaka kumi. Kama kulikuwa na kitu cheupe cha kuondoa kabisa, nilikikwangua kwa wembe, kikawa giza kwenye picha. Penseli hufutika. Kilichokwanguliwa hakirudi. Hilo nilifundishwa wiki ya kwanza, kwa hiyo sina kisingizio, na nisikusikie ukinitafutia.

Jumapili tulikuwa watu watatu na kamera moja. Kamera ilikuwa ya Mpishi, sanduku jeusi alilopewa na memsahib wake, Mzungu aliyempikia, aliponunua jipya. Filamu zilitoka kwangu, zile zilizopitwa na tarehe ambazo mwenye studio aliniruhusu kuchukua. Na wa tatu alikuwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa mtu wa huku huku juu, mwenyeji, mpole, mwenye sauti ambayo ilikubidi uinamishe kichwa uisikie. Alifundisha shule ya misheni. Chini ya kila sikio alikuwa na kovu, kama fundo dogo, kwa sababu alipotaka kuingia shule akiwa kijana, ndewe za masikio yake zilizotobolewa na kuvutwa kama desturi ya kwao zilikatwa na kushonwa. Hakupenda kulizungumza. Akiwa na jambo gumu moyoni, mkono wake ulipanda wenyewe ukashika lile kovu.

Tulikutana nyuma ya nyumba ya memsahib, upande wa mto Sosiani, kwenye kibanda cha Mpishi, baada ya ibada na baada ya yeye kumaliza kuwaandalia Wazungu chakula cha mchana. Na tulikuwa na sheria zetu, we! Mahakama haikutushinda. Mpishi alitandika kitambaa cheupe cha meza juu ya sanduku la chai. Picha iliwekwa katikati. Mwenye picha alifunga mdomo, hata kikohozi alikimeza, mpaka wenzake wamalize kusema. Kila mmoja wa wale wenzake wawili alishika punje ya mahindi, na picha ikifunuliwa tu, kabla hujafikiri, uliweka punje mahali jicho lako lilipoangukia kwanza. Baada ya hapo ndipo ulisema lililo jema na lililo baya. Mwenye picha alisema mwisho, na akishasema hakuna wa kumjibu. Na picha iliyokataliwa, mwenyewe aliitia jikoni kwa mkono wake, pamoja na negativi yake, chini ya sufuria ya chai. Hiyo sheria ya moto niliitunga mimi. Niliona itatufanya tuwe wakali, tuboreke haraka. Chai nyingi za miaka ile tulizipikia picha.

Na picha zenyewe, kwa sehemu kubwa, zilikuwa za Mwalimu.

Mimi nilikuwa na mkono mzuri, nikubali hilo. Picha zangu zilikuwa safi, zimenyooka, kila kifungo cha shati kinaonekana. Mpishi alipiga kuku wake, mboga zake, na memsahib akiwa amelala kwenye kiti mdomo wazi, picha ambayo tuliichoma haraka kabla haijatufukuzisha wote kazi. Lakini Mwalimu alikuwa na jicho. Alipiga wanawake wakipepeta wimbi, jua liko nyuma yao, vumbi limewaka mpaka nyuso hazionekani. Nikasema, nyuso ziko wapi? Picha gani haina nyuso? Akaichoma. Alipiga ng'ombe wa Makaburu wakivuta gari kwenye ukungu wa asubuhi, pale ambapo leo ni Munyaka na wakati ule palikuwa ngano tupu, unaona pembe tu na pumzi. Nikasema, huu ukungu ni uchafu, mtu atadhani kioo cha kamera hakikupanguswa. Akaichoma. Kila mara alisema, "Asante, Fundi, nimesikia," akaiinua ile picha kwa vidole viwili, akaitia motoni. Na kila mara Mpishi alikoroga chai bila kunitazama.

Nilijua? Hilo swali ndilo limenizeesha. Tutafika.

Sasa mwenye studio, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda kunisikia nikijisifu ili anicheke, siku moja aliniambia, "Fundi, wewe na hao wenzako wa Jumapili, kila mmoja alete picha. Moja. Nitakayoipenda nitaiweka dirishani." Dirishani! Dirisha lile lilikuwa la Wazungu. Maharusi wa Kizungu, farasi wa Kizungu waliopata utepe kwenye maonyesho, na watoto wa Kizungu wenye soksi. Mwafrika hakuwahi kuonekana mle isipokuwa kwa bahati mbaya, ameshika hatamu za farasi. Nilirudi kwangu lokesheni, mtaa wa Waafrika, nikitembea juu juu. Nilikuwa na picha yangu tayari kichwani: mwinjilisti wetu na baiskeli yake mpya, spoku zote zinahesabika. Nilijua Mpishi hawezi kunishinda. Na Mwalimu, nilijiambia, Mwalimu atapiga ukungu wake.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alikuja na picha mpya. Alikuwa amekwenda kwao kumwona mama yake na kurudi kwa miguu, na asubuhi ile ile alinipitia studio nikamsafishia filamu na kumtolea picha moja kwa haraka, mimi mwenyewe, lakini chumba cha giza ni giza na nilikuwa na haraka ya ibada. Sikuitazama. Nadhani sikutaka.

Mpishi akafunua.

Mama mzee ameketi nje ya mlango wa nyumba yake. Nyuma yake mlango ni giza tupu. Jua la asubuhi limemjia kwa ubavuni, nusu ya uso iko kwenye kivuli, na hatazami kamera, anatazama kitu fulani uani, labda kuku, na anakaribia kucheka. Na sikio lake. Ndewe imevutwa tangu usichana mpaka imekaribia bega, pete ndefu ya ngozi iliyo wazi katikati, na jua limepita ndani yake likaiwasha ukingoni kote. Sikio la pili, la upande wa kivuli, unaona mstari wake tu. Nimefanya kazi ya picha miaka mingi tangu hapo. Sijaona nyingine.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilipozinduka, punje yangu ilikuwa kwenye lile sikio. Ya Mpishi ilikuwa pale pale, zimegusana.

Mpishi alikuwa na mtindo wake wa kuhukumu picha kama mchuzi. Hii haijaiva, hii imeungua, hii umeitia maji. Siku ile aliinama akatazama muda mrefu, akajipangusa mikono kwenye aproni ingawa mikono ilikuwa mikavu.

"Hii imeiva," alisema. "Hii hata chumvi msiongeze. Mimi nimemaliza."

Ikawa zamu yangu. Haki ya Mungu, nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu na maisha yangu yangekuwa mepesi. Lakini kifuani palikuwa panachoma. Niliona dirisha. Niliona mwinjilisti wangu na baiskeli yake wakirudishwa mfukoni.

"Mpishi," nikasema, "punje yako iko wapi?"

"Sikioni."

"Na yangu?"

"Sikioni pia. Si unaona?"

"Basi Mwalimu alitaka kumpiga mama yake au alitaka kupiga sikio? Tunazungumza juu ya uso wa mtu mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuona kwanza. Sikio limeula uso. Halafu jua. Mara ngapi nimesema? Jua likae mgongoni mwa mpiga picha. Hapa nusu ya mama imezama gizani. Nani anatundika nusu ya mama?"

Mpishi akaguna. "Fundi, wewe leo umekula nini?"

Ningeishia hapo. Hayo yalikuwa maneno ya ufundi, ya uongo lakini ya ufundi, na mtu angeweza kuyabisha. Lakini nilimwona Mwalimu hajavunjika moyo, bado anaitazama picha yake kwa macho ya furaha aliyoizuia kwa ajili ya sheria yetu ya kunyamaza. Nikatafuta mahali pa kumchoma, na nilipajua.

"Tena fikiri," nikamwambia. "Hii inakwenda dirishani mjini. Watu watasimama pale, Wazungu, makarani, wanafunzi wako. Wataona hayo masikio. Watacheka, Mwalimu. Watasema mama yake ni mshenzi."

Mkono wake ukapanda, ukashika kovu.

Chai ikachemka ikamwagika na Mpishi hakuiondoa. Kisha Mwalimu akasema, kwa sababu mwenye picha husema mwisho, "Nimesikia. Asante, Fundi." Akaiinua ile picha kwa vidole viwili kama alivyozoea. Akaitazama, akalitazama jiko, akairudisha kwenye kitambaa. "Huyu siwezi kumtia motoni. Ni mama. Wewe si unajua kutengeneza? Mtengeneze."

"Usiguse hii kitu," Mpishi aliniambia nilipokuwa natoka. "Nakuambia kama ndugu yako. Usiiguse."

Nikamwambia abaki na masufuria yake.

Siku iliyofuata, saa ya mchana, mwenye studio amekwenda kula, nilifunga mlango nikawasha taa ya chini ya kioo. Kabla ya kuanza nilifanya jambo moja. Niliingia chumba cha giza nikatoa picha moja nzuri, kwenye karatasi nzito ya harusi za Wazungu, kutoka negativi ile ikiwa bado nzima. Nilijiambia ni ya kujifunzia mwanga. Niliikausha, nikaifunga kwenye gazeti, nikaitia ndani ya shati. Kisha nikakaa nikakwangua.

Kukwangua kunataka pumzi iliyotulia. Unakwaruza kidogo, unapuliza vumbi, unakwaruza tena. Sikio lililowaka kwenye picha huwa jeusi kwenye negativi, na mimi niliondoa ule weusi kidogo kidogo mpaka filamu ikabaki wazi kama ule mlango wa nyuma yake. Nilimwachia sikio fupi, la mviringo, kama la memsahib yeyote, na ule mstari wa sikio la pili nao nikaukwangua. Halafu nikachukua penseli nikajaza kivuli cha uso, shavu likatoka, makunyanzi yakaondoka, na kile kicheko kilichokuwa kinakaribia kikapotea. Sikukusudia kukipoteza. Kilikuwa ndani ya makunyanzi. Saa ya mwenye studio kurudi ilipofika nilikuwa na mwanamke mwenye uso laini, ameketi mbele ya giza, anatazama pembeni bila sababu.

Ile picha ya haraka niliyomtolea Jumapili asubuhi, Mwalimu alinipa mwenyewe niichane, tusije tukachanganya. Nikaichana mbele yake.

Mwenye studio aliweka picha zetu mbili mezani, yangu na ya Mwalimu, kwa maana Mpishi hakuleta yake. Ya mama aliishika akaigeuza kwenye mwanga. "Hii imeguswa?" akauliza. Nikasema kidogo. Akasema, "Huyu mama hana mtu ndani," akaiweka kando. Mwinjilisti na baiskeli yake wakaingia dirishani. Walikaa mle mpaka jua likawageuza rangi ya chai. Watu wa kwetu walikuja kutoka mbali kuiona, wakanipa mikono. Mwalimu alikuja naye. Akanipa mkono akasema, "Kweli, kila spoku inaonekana." Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nacho.

Mvua kubwa ya mwaka uliofuata, mama yake Mwalimu akafa.

Mwalimu alikuja kwa mlango wa nyuma wa studio, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Nikampa pole. Akatoa ile picha, ameifunga kwenye karatasi ya daftari la shule ili isilowe.

"Dada yangu mdogo ameolewa mbali, Cherang'any," alisema. "Barabara zilifungwa. Alifika tumeshazika. Amelia siku mbili kwamba hakumwona. Nikampa hii." Akaifungua ile karatasi. "Ameitazama, akaniuliza, huyu ni mama wa nani?"

Nikaweka penseli yangu chini.

"Nikamwambia ni mama. Akakasirika. Ananiambia nisimchezee. Watoto wake pia, wanasema huyu si nyanya. Walikuwa wakipitisha vidole vyao kwenye ndewe za nyanya akiwasimulia hadithi. Fundi, nimekuja kukuomba. Mrudishie masikio."

"Hayarudi, Mwalimu. Nilikwangua."

"Huwezi kuyachora?"

"Nitachora ya nani? Sikumjua."

Akaitikia kwa kichwa, kama anayekubali. Kisha akauliza lile swali, na aliliuliza bila kunishuku hata chembe, kama unavyomuuliza mtu kama ana kiberiti.

"Hakuna nyingine uliyoitoa kabla?"

Ilikuwa kwangu lokesheni, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya gazeti. Mwendo wa dakika kumi. Ningekimbia ningetumia tano. Lakini ningemwambia ninayo, angeuliza kwa nini niliiweka, na jibu lilikuwa moja tu: niliiweka kwa sababu niliijua. Mtu hafichi picha mbaya kwenye karatasi ya harusi.

"Hakuna," nikasema.

"Haya," akasema. Akavaa viatu vyake, ingawa matope yalikuwa yale yale, akatoka.

Nimetenda dhambi nyingine maishani, na nimeungama. Hii sikuiungama kwa kasisi yeyote. Ningesema nini? Padri, nilimnyima mtu masikio ya mama yake?

Baada ya hapo Jumapili zetu zilikufa zenyewe. Mwalimu alihamishiwa shule ya upande wa Kimumu, enzi hizo kukiwa mashamba na upepo tu. Mpishi kila nilipokutana naye sokoni alinisalimu vizuri na kuendelea na safari yake. Mimi nikajifanya mtu wa kazi nyingi. Usiku mwingine nililala vizuri, nisikudanganye. Siku nilizoamka vibaya ni zile nilizolazimika kuvuta sanduku nitoe shati la kanisani, kwa sababu gazeti lilikuwa chini ya mashati. Sikuifungua. Miaka minne sikuifungua, na sikuichoma.

Kisha Mpishi akaja studio na bahasha. "Umetumiwa," alisema, akaiweka mezani kwa nguvu kidogo. Alikuwa anarudi kwao, memsahib wake amehama, na kamera alikuwa amemwachia Mwalimu. Ndani mlikuwa na picha kumi na mbili na kikaratasi. Mwalimu aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni kwamba amekuwa akifanya mazoezi, kwamba jua siku hizi analiweka mgongoni, na kwamba niseme kama kawaida bila kumwonea haya.

Nikazipanga juu ya meza.

Darasa la shule limesimama mistari mitatu. Mke wake amesimama. Mzee wa kanisa amesimama. Watoto wake wamesimama wamenyoosha mikono kama askari. Wote wamegeukia jua, wote wamefumba macho nusu, wote wanang'aa mpaka kila kifungo kinaonekana. Moja baada ya nyingine, kumi na mbili. Zilikuwa picha zangu. Alijifunza kila nililomwambia. Hakukuwa na vumbi wala ukungu wala mtu anayekaribia kucheka, na wanawake wote, vijana kwa wazee, walikuwa wamefungwa vitambaa vya kichwa vilivyoshushwa mpaka chini ya masikio.

Nilijifungia chumba cha giza nikalia. Mwenye studio aligonga akauliza kama dawa imeniingia machoni. Nikasema ndiyo.

Jumapili sikwenda ibada. Nilitoa lile gazeti sandukuni, nikalifunga kwenye kitambaa, nikapanda baiskeli. Mwalimu alifurahi kuniona, ole wangu, alifurahi kwa dhati, akaita, "Fundi! Mama watoto, Fundi amekuja!" Mke wake akaleta chai ya maziwa na viazi, akatuacha. Nje ya mlango mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya magunia. Sikugusa chai. Nilifungua kitambaa, nikafungua gazeti, nikaweka picha mezani mbele yake, nikasema yote. Dirisha, sikio, wembe, sanduku. Siku aliyokuja na matope. Sikujitetea mahali popote, na kama nilijitetea, ilikuwa kidogo.

Hakunitazama wakati wote nilipokuwa nasema. Alimtazama mama yake. Mkono ulipanda mpaka kovuni ukakaa pale.

Nilipomaliza aliinuka. Nikadhani anakwenda kufungua mlango ili nitoke, na nilikuwa tayari. Alitoka mpaka kwenye magunia, akarudi na punje moja ya mahindi, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Weka," alisema.

Nikaiweka sikioni. Haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Sasa sema."

Nikasema yale ambayo ningesema Jumapili ile. Kwamba jua liko mahali pake hasa. Kwamba kivuli kinamfanya yule mama awe mtu na si sura. Kwamba jicho linaanguka kwenye sikio, linazunguka na mwanga wake, kisha linapanda lenyewe mpaka kwenye kicheko, na kwamba bila sikio hakuna njia ya kufikia kicheko. Kwamba tangu nianze kazi sijaona picha nzuri kuliko hii, na niliona hivyo tangu siku ya kwanza. Yeye alifunga mdomo kama sheria ilivyotaka.

Ikawa zamu yake.

"Asante, Fundi. Nimesikia." Kisha akauliza polepole, mpaka nikainamisha kichwa nimsikie, "Na zile zingine?"

"Zipi?"

"Wanawake wa wimbi. Ng'ombe. Yule mtoto nyuma ya pazia la kanisa. Zile zote."

"Mwalimu," nikasema, "zile tulizichoma."

"Najua tulizichoma. Nilizitia mwenyewe," alisema. "Nakuuliza kama zilikuwa nzuri."

Kwa sheria yetu mwenye picha akishasema hakuna wa kumjibu, na kwa mara ya kwanza nilitamani kuishika sheria ile. Ukutani nyuma yake alikuwa ametundika picha zake mpya kwa misumari, zote zimenyooka, watu wote wanapepesa macho mbele ya jua.

"Zilikuwa nzuri," nikasema. "Zote."

Kisha akaita watoto wake kwa lugha ya kwao, waje wamwone nyanya yao, na walipoingia wakikimbia nilisogeza kiti changu ili wapite.